Kubandua vigae vya zamani: Tulinde macho, ngozi na mapafu



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Katika safu yetu ya afya na usafi, leo tutazungumzia kazi ambayo kila mwaka ukiingia mwezi wa Shaaban huonekana katika misikiti, madrasa na majumba yetu. Nayo ni kubandua vigae vya zamani ukutani, pamoja na gundi au saruji iliyovishika, ili viwekwe vipya kabla ya Ramadhani.

Huenda ukauliza, vigae vinahusiana nini na afya? Hiyo si kazi ya mafundi? Ni kweli ni kazi ya mafundi, lakini katika misikiti yetu mingi kazi ya kubomoa hufanywa na vijana wanaojitolea, wanafunzi wa madrasa, na waumini wanaopita baada ya swala ya Alasiri na kusema, "Nami nipate fungu langu la thawabu." Kila mmoja anashika nyundo, vumbi linatanda, na mwisho wa siku wanarudi nyumbani wakikohoa, macho mekundu, mikono imechanika. Baada ya siku mbili tatu, baadhi yao tunawapokea zahanati.

Kwa hiyo somo hili linamhusu fundi, linaihusu kamati ya msikiti, na linamhusu mama anayefua nguo za mumewe zenye vumbi.

KWA NINI VIGAE VIBOVU VIONDOLEWE

Kwanza tukubaliane kwamba kuviondoa ni jambo jema. Kigae kilichopasuka au kilichoachana na ukuta huacha uwazi nyuma yake. Maji ya kutawadhia hupenya humo na kubaki, ukungu huota, mende hupata makazi, na harufu mbaya haiishi hata ukisugua kwa sabuni ya namna gani. Ukungu huo huwasumbua sana wenye pumu.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ukingo wa kigae kilichovunjika hukata kama wembe, nasi mahali pa udhu tunasimama miguu mitupu. Mzee mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi anaweza kukatwa asisikie lolote, akaswali, akarudi nyumbani, na jeraha likagunduliwa wiki nzima baadaye likiwa limeoza. Watu wamepoteza miguu kwa vidonda vilivyoanza vidogo namna hiyo.

Kwa hiyo kusema "tuviache tu" si jawabu. Jawabu ni kuviondoa kwa njia isiyoleta madhara mengine.

VUMBI HILI SI KAMA VUMBI LA BARABARANI

Vigae, saruji, lipu, gundi ya unga na zege, vyote vina mchanga ndani yake, na mchanga una madini yaitwayo silika. Silika ikiwa imelala ndani ya kigae haina neno. Tatizo huanza pale unapogonga, unapokata na hasa unaposaga kwa mashine. Hapo huvunjika kuwa chembe ndogo mno, ndogo zaidi ya mara kumi kuliko unene wa unywele wa kichwani. Chembe hizi huzioni kwa macho. Lile vumbi unaloliona linaanguka chini upesi, lakini hili usiloliona huelea hewani kwa saa nyingi hata baada ya kazi kusimama.

Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, ukalitoa kwa kupenga au kukohoa. Hili dogo hupita moja kwa moja hadi mwisho wa mapafu, kwenye vijifuko vya hewa. Askari wa mwili hujaribu kulimeza na kuliangamiza, lakini silika ni jiwe, haimeng'enyeki. Askari hao hufa, pakabaki kovu. Kovu likiongezeka juu ya kovu, mapafu hukakamaa na kushindwa kutanuka. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Tunachoweza kufanya hospitali ni kumsaidia mgonjwa, si kumrudishia mapafu yake.

Kwa kawaida ugonjwa huu hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo. Vumbi likiwa jingi unaweza kuja baada ya miaka 5, na likiwa jingi kupita kiasi huja ndani ya miezi. Pia mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vumbi la silika kazini husababisha saratani ya mapafu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, wakiwemo wachonga mawe na vifua vyao. Huko Marekani, katika miaka ya 1930 na 1931, walichimba handaki la maji mahali paitwapo Hawks Nest, West Virginia, kupitia mwamba uliojaa silika. Walichimba kikavu bila kinga, na mamia ya wafanyakazi, wengi wao watu weusi, wakafa. Na katika zama zetu, Australia imepiga marufuku mawe ya kutengenezwa yanayowekwa kwenye meza za jikoni kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua silikosisi. Mawe hayo yana silika nyingi kuliko vigae vyetu vya kawaida, lakini ugonjwa ni ule ule.

Sisemi haya ili kumtia hofu kijana aliyebomoa vigae siku moja. Siku moja haimpi mtu silikosisi. Ninayemhofia zaidi ni fundi na kibarua wake, ambao kwao kila siku ni siku ya vumbi.

KIKOHOZI KISICHOKWISHA

Katika kazi yetu ya utabibu hutokea mgonjwa wa namna hii. Ni mwanamume wa miaka 40 na kitu, anakohoa, anapungua, anapumua kwa shida akipanda ngazi. Picha ya kifua inaonesha madoa sehemu ya juu ya mapafu, na wote tunafikiri kifua kikuu. Anameza dawa miezi 6, anamaliza, na kikohozi kiko pale pale. Pengine anaanzishiwa dawa tena. Hakuna aliyemuuliza kwamba kwa miaka 20 riziki yake ilitokana na kukata na kubomoa vigae.

Ramazzini aliwausia matabibu wenzake waongeze swali moja mbele ya mgonjwa: kazi yako ni nini? Imepita miaka zaidi ya 300, na swali hilo bado linasahaulika. Kwa hiyo wewe fundi, ukifika hospitali usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Daktari, mimi ni fundi vigae, nafanya kazi katika vumbi kwa miaka kadhaa."

Lakini usije ukafahamu vibaya ukadhani kikohozi cha fundi si kifua kikuu. Mambo haya mawili hufuatana. Mtu mwenye silikosisi huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza wagonjwa wa silikosisi wapimwe kifua kikuu na wapewe tiba ya kukizuia. Ukikohoa zaidi ya wiki 2, nenda kapime makohozi. Na fundi anayevuta sigara ajue kuwa anayaongezea mapafu yake mzigo juu ya mzigo.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia, "Tabibu, mimi vumbi nimelizoea." Nikamjibu, "Fundi, pua inazoea, mapafu hayazoei."

BARAKOA NA NDEVU

Wengi hujifunga kitambaa, kilemba au ile barakoa nyepesi ya hospitali tuliyoivaa wakati wa Korona. Hivi huzuia vumbi kubwa tu. Chembe za silika hupita katikati ya nyuzi na pembeni mwa mashavu. Barakoa inayofaa ni ile ya kazi iliyoandikwa N95 au FFP2, na iliyo bora zaidi ni FFP3. Ina mikanda miwili, mmoja juu ya kisogo na mwingine shingoni, na kipande cha chuma cha kubana puani. Ikilowa au hewa ikiwa nzito kupita, itupwe.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Barakoa hizi hufanya kazi kwa kugusana na ngozi pande zote. Ndevu zikiwa katikati, hewa yenye vumbi hupita kwenye ndevu badala ya kupita kwenye chujio, na mvaaji anabaki na matumaini bila kinga. Je, tuwaambie ndugu zetu wanyoe? Hapana, hatufiki huko. Zipo njia nyingine.

Njia ya kwanza, na ndiyo muhimu kuliko zote, ni maji: vumbi lisiruke tokea mwanzo. Ya pili ni kugawana kazi. Asiye na ndevu abomoe, na mwenye ndevu abebe kifusi kilicholowa, achote maji, asimamie nje. Ya tatu ni kofia maalum yenye feni inayopuliza hewa iliyochujwa, ambayo haihitaji kugusana na mashavu. Bei yake ni kubwa kwa fundi wa mtaani, lakini kampuni kubwa haina udhuru. Na wakati wa Korona, mwaka 2020, madaktari wa Kisikhi huko Uingereza, ambao nao hawanyoi, walifunga ndevu zao kwa kitambaa cha mpira kinachobana kidevu kisha wakavaa barakoa juu yake. Hiyo inaonesha kuwa mwenye dini yake akitafuta njia huipata.

TARATIBU YA KAZI

Ndugu msomaji, sasa tutazame kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, zima umeme kwenye swichi kuu, si swichi ya chumba tu. Nyuma ya vigae vya bafuni hupita nyaya za taa na za hita ya maji, na tindo la chuma likikutana na waya wenye umeme ukutani palipolowa, hiyo ni mauti. Funga pia maji ya bomba.

Pili, ondoa misahafu, juzuu, mikeka na mazulia yaliyo karibu, uyahifadhi mahali safi. Ziba mlango wa kuelekea ndani ya msikiti kwa nailoni, na fungua dirisha linalotazama nje. Watoto wa madrasa siku hiyo wapewe likizo au wasomee mbali. Ziba tundu la choo na mifereji kwa mbao au magunia, vipande visije vikaziba bomba.

Tatu, tandika maboksi sakafuni na vaa viatu vya kufunika mguu mzima. Malapa si viatu vya kazi hii. Vaa miwani ya usalama iliyozibwa pembeni, glovu nene, nguo ya mikono mirefu na barakoa.

Nne, gonga vigae polepole kwa mpini wa nyundo. Penye mlio wa uwazi, kama unagonga debe tupu, ndipo pameachana na ukuta. Anzia hapo. Kwangua kwanza ile saruji nyembamba ya katikati ya kigae na kigae, kwa kipande cha msumeno wa chuma, huku pakiwa pamelowa. Ukiikata saruji hiyo, kigae kimoja hakitapasua jirani yake.

Tano, nyunyiza maji. Chupa ya kunyunyizia inatosha kwa ukuta mdogo. Ukuta mkubwa, tumia bomba la mgongoni, lakini lisiwe lililowahi kutiwa dawa ya wadudu ya shambani. Nyunyiza kabla ya kugonga, wakati wa kugonga na baada ya kugonga. Si kumwaga ndoo, ni kulowesha tu mpaka vumbi lisipande.

Sita, ingiza tindo pana nyuma ya kigae ukiwa umelilaza, karibu likae sambamba na ukuta, kisha gonga kidogo kidogo. Ukilisimamisha tindo wima utavunja kigae vipande vipande vinavyoruka usoni na utachimba ukuta bure. Asisimame mtu chini ya unapobomoa, na wawili wasibomoe sehemu moja kwa pamoja. Ukifanya kazi ya juu, simama kwenye jukwaa imara, si juu ya ndoo.

Saba, kifusi kitiwe kwenye viroba vigumu kikiwa kimelowa. Kisitupwe uchochoroni ambako watoto hucheza peku. Sote tumefundishwa fadhila ya kuondoa udhia njiani, seuze sisi wenyewe tuwe ndio wa kuuweka!

Nane, usifagie kikavu. Mwagia maji kidogo, fagia, kisha deki. Koga kabla ya kukaa na watoto, na nguo za kazi zisikung'utwe ndani. Ziloweshwe kwenye beseni lake peke yake, ndipo zifuliwe. Vumbi la baba halipaswi kuwa kikohozi cha mama na mtoto.

Na ikiwezekana kazi imalizike Shaaban. Wanazuoni wametufundisha kuwa vumbi linalomwingia mtu bila ya kukusudia na bila ya kuepukika halibatilishi funga yake. Lakini mapafu nayo yana hesabu yao, na kazi nzito ya jua na vumbi kwa mtu asiyeweza kunywa maji ni mashaka yanayoweza kuepukwa kwa kupanga mapema.

GUNDI ILIYOBAKI UKUTANI

Vigae vikishatoka, hubaki gundi, na hapa ndipo madhara makubwa hutokea, kwa kuwa watu hutaka kumaliza haraka. Kwanza ujue ni gundi gani. Ikiwa ni ya saruji, haiyeyuki kwa dawa yoyote ya kawaida. Lowesha, kisha itoe kwa tindo pana na nyundo. Ikiwa ni ile gundi nyeupe laini inayouzwa kwenye ndoo tayari kwa matumizi, nyingi hulainika kwa maji ya moto. Bandika vitambaa vilivyoloweshwa maji ya moto, acha kwa muda, kisha kwangua kwa skrepa. Subira ya saa moja huokoa kazi ya siku nzima.

Kusaga gundi kwa grainda bila maji ndiko kunakotoa vumbi baya kuliko yote. Kama hapana budi, iwe mashine iliyofungwa chombo cha kunyonya vumbi. Grainda ya umeme ya kawaida usiimwagie maji, isije ikakurusha. Na mara nyingi ni rahisi zaidi kubomoa lipu lote lililoharibika na kupiga jipya kuliko kuhangaika na kila kipande cha gundi.

Kwa ndugu zetu wa Unguja Mjini Mkongwe, Lamu na Mombasa ya zamani, wenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ongezeni uangalifu. Kuta hizo ni laini na zinahitaji kupumua. Nyundo kubwa hupasua ukuta wenyewe. Na vigae vilivyobandikwa kwa saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, chumvi ikatoka na ukuta ukaoza. Ukivitoa, ongea na fundi wa chokaa kabla ya kurudishia saruji.

Sasa sikiliza haya kwa makini. Usitumie petroli wala thina kulainisha gundi bafuni. Mvuke wake hujaa chumba kidogo, na cheche moja ya nyundo juu ya chuma, au sigara ya mpita njia, inatosha kuteketeza watu. Zipo pia dawa kali za kutolea rangi na gundi zenye kemikali iitwayo metilini kloraidi. Huko Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2011, watu 13 waliokuwa wakikarabati mabafu kwa dawa hiyo walikufa. Mvuke wake humlaza mtu usingizi, na mwili huugeuza kuwa hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile ya moshi wa jiko la mkaa. Kama kopo lina jina hilo, lirudishe dukani.

Na usichanganye asidi ya kusafishia vigae na jiki. Wapo wanaomwaga asidi, wakiona doa halijatoka wanaongeza jiki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, sumu iliyotumika vitani Ulaya mwaka 1915. Ukisikia harufu kali inayochoma kifua, toka nje mara moja, usirudi kuokoa ndoo.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaonunua majengo ya zamani kuyafanya misikiti: vigae vya plastiki vya sakafuni na gundi nyeusi chini yake, vikiwa vya zamani, vyaweza kuwa na asbesto. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999, kwa hiyo jengo lililotangulia mwaka huo lipimwe kwanza. Asbesto huleta saratani ya utando wa mapafu ambayo hudhihiri hata baada ya miaka 20, 30 au 40. Hiyo si kazi ya kujitolea.

HUDUMA YA KWANZA

Kitu kikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Kama kipande kimechoma na kimeganda kwenye jicho, usikivute na usiligandamize jicho. Funika kwa kikombe cha karatasi ili lisiguswe, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kikiwa ni asidi, saruji au dawa kali, osha mfululizo kwa dakika 15 hadi 30 kabla hata ya kuanza safari. Usitie maziwa ya mama, asali wala dawa ya macho ya jirani.

Ukikatwa na kigae, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Kama kidole hakikunjiki au hakinyooki baada ya kukatwa, huenda mshipa wa kukivuta umekatika, usisubiri kesho. Na uliza juu ya chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huchanjwa wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi mara ya mwisho kuchanjwa walikuwa watoto wachanga. Jeraha likiwa chafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji kurudia.

UDHU WA FUNDI

Fundi Mwislamu hukumbana na swali jingine: gundi iliyogandia mkononi. Tunajua kutokana na Surat al-Maidah, aya ya 6, viungo vinavyooshwa, na tumesoma katika fiqhi kuwa maji lazima yafike kwenye ngozi. Gundi kavu, saruji na rangi nzito huyazuia. Basi vaa glovu, na kabla ya swala paka mafuta ya kula, sugua kwa kitambaa laini, kisha osha kwa sabuni. Petroli na thina huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuleta ukurutu, na ngozi iliyochanika huingiza sumu zaidi. Gundi mpya ya saruji ina ukali unaounguza polepole bila ya maumivu mwanzoni, hivyo ioshe mara ikikugusa, usingoje adhana.

Na mwenye bendeji asiibandue kwa hofu ya udhu. Dini yetu ina hukumu ya mwenye jeraha lililofungwa. Muulize sheikh wako akufundishe namna ya kutawadha nayo.

NENO KWA KAMATI ZA MISIKITI

Ndugu zangu wanakamati, mnapopanga bajeti ya vigae vipya, andikeni mstari mmoja zaidi: miwani, glovu, barakoa na bomba la maji. Gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya vigae vyenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwisha mwajiri jukumu la kumkinga mfanyakazi, na Kenya nao wana sheria kama hiyo ya mwaka 2007. Lakini hata pasingekuwa na sheria, katika Surat al-Baqarah, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizi, na ni kanuni mashuhuri ya dini yetu kutojidhuru wala kudhuru wengine.

Sote tunaijua hadithi ya ujira na jasho la mfanyakazi, na tunajitahidi kumlipa fundi mapema. Basi tukumbuke kuwa fundi huyo akiondoka na ujira wake mkononi na vumbi letu kifuani, bado tuna deni naye. Nyumba ya Mwenyezi Mungu inayopendeza isiwe imejengwa kwa pumzi ya masikini.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azikubali kazi za wanaoitumikia misikiti yake, awape afya mafundi wetu, na atufikishe Ramadhani tukiwa wazima. Amin.

Wabillahi tawfiq.